Somo la Mwezi: Mgonjwa wa Moyo na Mahali pa Kufia



Mwezi huu tunaacha kidogo masomo yetu ya Waefeso. Akina mama wa huruma, wale wanaozunguka na kapu kutembelea wagonjwa, waliniomba niandike juu ya ugonjwa wa moyo, kwa sababu wanaukuta katika nyumba nyingi na hawajui waseme nini. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kukubali. Katika matanga mawili ya karibuni nilisikia maswali mawili. Kwenye la kwanza watu walinong'ona: "Kwa nini mlimsafirisha usiku ule, hata akafia njiani kama mtu asiye na kwake?" Kwenye la pili wakanong'ona: "Kwa nini mlimwacha afie nyumbani, hata hospitali hamkumpeleka?" Marehemu wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja.

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia yako usome Mwanzo 47:27 hadi 50:14, na 2 Wafalme 20:1-7. Sitaziandika hapa kwa kuwa karatasi yetu ni ndogo.

Mzee aliyechoka barabara

Wengi mnamkumbuka mzee huyo, sina haja ya kumtaja jina. Alianza kuvimba miguu. Majirani wakasema amekanyaga dawa, wengine wakasema ni sumu aliyonyweshwa tangu kule Kongo ambayo sasa imeamka. Akaanza kukohoa usiku, akapewa dawa za kikohozi. Mwishowe hakuweza tena kulala chali. Akilala tu, pumzi inakata, anaruka na kwenda mlangoni kutafuta hewa. Alilala ameketi, mgongo umeegemea gunia la maharagwe, miezi mingi.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyemsaidia. Alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki pale. Akasikiliza mapafu, akapima presha, akaandika barua ya rufaa. Hospitali wakampa dawa za kukojoza maji, na baada ya siku sita mzee akarudi akitembea kwa miguu yake. Tulifanya shukrani, akatoa kuku. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne alirudi mwembamba, suruali inashikwa kwa kamba.

Jioni moja nilimkuta ameketi nje. Akaniambia, "Pasta, hii barabara imenichosha. Safari nyingine mniache hapa na mama."

Nilimjibu haraka sana. Nilisema, "Mzee, usikiri mauti. Kinywa chako kiseme uzima." Akanyamaza. Tukaomba, nikaenda zangu nikidhani nimefanya kazi ya mchungaji.

Wiki tatu baadaye ilikuwa usiku wa mvua. Ambulansi ilikuwa imekwenda kijiji kingine. Tukatafuta bodaboda mbili. Mzee akawekwa kati ya dereva na kijana wake, wakafungwa pamoja kwa kitenge asianguke. Alifariki kabla hawajafika barabara kubwa, na kijana wake hakujua. Aliendelea kumsemesha baba yake njiani mpaka dereva aliposimama. Mama alibaki nyumbani na uji jikoni. Tuliporudi na mwili alituuliza swali moja tu: "Alisema nini?" Hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Katika chuo cha Biblia nilifundishwa kuhubiri mazishi, hata kupanga ibada yake kwa dakika. Kukaa na mtu anayekufa sikufundishwa. Tulikuwa na kipindi kimoja cha kutembelea wagonjwa, na karibu chote kilihusu kupaka mafuta. Silaumu walimu, ila nasema ilivyo.

Ugonjwa huu ni nini

Moyo ni pampu. Moyo ukichoka au vilango vyake vikiharibika, haukomi mara moja. Unaendelea kupiga lakini hausukumi damu ya kutosha, na maji yanabaki nyuma: miguuni, tumboni, kwenye mapafu. Ndiyo maana miguu inavimba, ndiyo maana mgonjwa hawezi kulala chali. Madaktari wanasema moyo umeshindwa kufanya kazi. Si uchawi, wala hauambukizi, kwa hiyo msiwatenge watu hawa na vikombe vyao.

Sababu kubwa kwetu Afrika ni presha ya damu ambayo haikutibiwa miaka mingi. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,006 katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo. Karibu wagonjwa 45 kati ya kila 100 moyo wao uliharibiwa na presha. Wengine 14 hivi waliharibiwa vilango vya moyo na ugonjwa unaoanzia utotoni, pale mtoto anapougua koo asipate dawa, kisha viungo vikauma, na miaka ikipita moyo unaumia. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Kule Ulaya wagonjwa hawa wengi ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Kwetu ni baba na mama ambao bado wana watoto shuleni. Na katika miezi sita, karibu watu 18 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki.

Kuna pia mama anayevimba na kukosa pumzi katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Huyo akimbizwe hospitali bila kungoja, maana wengi wa hao moyo wao unaweza kurudi. Na Uganda ina ugonjwa mwingine ambapo ngozi ya ndani ya moyo inakuwa ngumu kama kovu, daktari J. N. P. Davies wa Kampala aliuandika mwaka 1948, na mpaka leo chanzo chake hakijajulikana vizuri.

Nasema haya yote ili mtu asichukue somo hili kuwa ruhusa ya kumficha mgonjwa nyumbani. Mgonjwa wa moyo anayepata dawa na kuzimeza kila siku anaweza kuishi miaka. Asiache dawa kwa sababu ameona nafuu. Nafuu hiyo ni kazi ya dawa. Dawa ya kukojoza anywe asubuhi, si jioni, asije akaamka usiku kucha kwenda chooni gizani. Chumvi ipunguzwe kweli kweli. Ninajua hapa nagusa pabaya, maana sisi Wakongomani na makayabu ni ndugu, na samaki wa chumvi kutoka ziwani ndio wa bei nafuu. Vile vidonge vya supu navyo ni chumvi tupu. Mpikieni mgonjwa chungu kidogo cha kwake. Kama kuna mizani kituoni, apimwe. Akiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, hayo ni maji, si unono. Aende kituoni siku hiyo, asingoje pumzi ikate usiku.

Kwa nini tunashindwa kujua saa

Mtu mwenye saratani, mara nyingi familia inaona anashuka ngazi kidogo kidogo. Mgonjwa wa moyo haendi hivyo. Anaanguka karibu na kufa, anapewa dawa, anainuka. Anaanguka tena, anainuka, lakini si mpaka pale alipokuwa. Kila mara familia inajifunza kwamba hospitali inamrudisha. Basi mara ya mwisho inapofika haina alama ya kusema mimi ndiyo ya mwisho. Na wengine moyo husimama ghafla, mtu akiwa anakunywa chai.

Kwa sababu hiyo wagonjwa wa moyo duniani kote huchelewa kuzungumziwa habari za mwisho, na wengi hufia hospitalini au njiani bila kuulizwa wanapenda nini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu wazima wanaohitaji huduma ya kupunguza maumivu na kusindikizwa katika ugonjwa usiopona, wenye magonjwa ya moyo na mishipa ni 38.5 kati ya 100, na wenye saratani ni 34. Lakini ukitaja huduma hiyo, watu wanafikiri saratani peke yake, labda na UKIMWI.

Nina neno hapa kwa watoto na ndugu zetu waliokwenda Marekani, ambao tunawatumia karatasi hii kwa simu. Mnatutumia fedha, Mungu awabariki. Lakini mara nyingine mnapiga simu usiku na kuamuru, "Mpelekeni Kampala, lazima mashine!" na ninyi hamjamwona mgonjwa miaka saba. Jueni kwamba huko mliko watu wenyewe wanageuka. Mwaka 2003 katika Marekani, kati ya kila 100 waliokufa kwa magonjwa, karibu 40 walifia hospitalini na 24 nyumbani. Mwaka 2017 waliofia nyumbani walikuwa karibu 31, hospitalini karibu 30, nyumbani kumepita. Hao wana mashine zote. Mara ijayo, kabla ya kuamuru, ombeni simu ipelekwe kwa mgonjwa, mumwulize yeye.

Hezekia aliambiwa wazi

Kanisani kwetu tuna mafundisho kwamba ukitaja kifo unakiita. Mimi mwenyewe nimeyahubiri. Sasa tazama 2 Wafalme 20. Hezekia ni mgonjwa mahututi. Nabii Isaya anaingia na kumwambia waziwazi kwamba hataishi, aitengeneze nyumba yake. Je, maneno hayo yalimwua? Hezekia aligeukia ukuta, akaomba na kulia sana, akaongezewa miaka 15. Aliambiwa ukweli, akaombewa, na katika mstari wa 7 akawekewa dawa ya tini juu ya jipu lake. Ukweli, maombi na dawa viko chumba kimoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Kwa hiyo mgonjwa akisema "nimechoka", usimzibe mdomo kwa ibada. Mwulize, "Umechoka na nini, papa?" Kisha unyamaze. Pengine atasema amechoka na sindano tu. Pengine atasema kitu amekibeba mwaka mzima.

Nilipokuwa naandika somo hili niliona haifai mama mjane asome habari hii katika karatasi kabla sijamwambia kwa kinywa. Nilikwenda kwake nikamweleza yale mzee aliyoniambia jioni ile, na jinsi nilivyomjibu. Aliendelea kuchambua mchicha muda mrefu. Kisha akasema, "Hata mimi aliniambia, Pasta. Nikamwambia tungoje mchungaji aseme. Na wewe ulisema barabara." Nilimwomba msamaha. Alinipa, na ameniruhusu niandike.

Yakobo alifia ugenini

Tunapenda kumhubiri Yakobo wa ngazi na Yakobo wa mieleka. Yakobo wa sura ya 47 ni mtu wetu kabisa. Njaa ilimtoa kwake akiwa mzee, akaishi Misri miaka 17, akafia huko. Angalieni alivyofanya. Kwanza, kabla hajazidiwa, alimwita Yusufu, mtoto mwenye uwezo, akamwapisha juu ya mahali pa kuzikwa. Baadaye Yusufu aliposikia baba yake ni mgonjwa, hakuja peke yake, alileta watoto wake wawili, na mzee akajitia nguvu akaketi kitandani. (Akina mama wa huruma walinicheka niliposema hapo, "Naye alilala ameketi!" Sisemi Yakobo alikuwa na ugonjwa wa moyo.) Akawabariki wajukuu. Akawaita wana wote, akasema na kila mmoja, na wengine aliwaambia maneno makali. Kisha akakunja miguu yake kitandani, akakata roho watu wake wakiwa pale.

Yakobo alipata kurudishwa Kanaani kwa sababu mtoto wake alikuwa mkubwa serikalini, mwenye magari na wapanda farasi. Yusufu mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, hakurudishwa mara hiyo. Mifupa yake ilingoja mpaka siku za Musa. Nalisema hili kwa sababu wazee wengi hapa wanasema, "Nikifa mnirudishe." Na watoto wanaitikia "ndiyo" kwa hofu, huku wakijua barabara ya kwenda kwetu ina vita na fedha ya gari la maiti hawana. Kisha wanabeba kiapo kisichowezekana maisha yao yote. Ni heri mzungumze wakati mzee ana nguvu: kama njia haipo, azikwe wapi hapa? Nani aandike mahali pa kaburi ili wajukuu wapajue? Mzee mmoja aliridhika alipoahidiwa kwamba siku watoto watakapokwenda kutazama shamba la nyumbani, watachukua udongo wa kaburi lake wakauweke pale. Sioni dhambi katika jambo hilo.

Msaada uliopo katika nchi hii

Wapendwa, tuko katika nchi ambayo katika jambo hili imetangulia nyingi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, ili wagonjwa wasiopona watunzwe nyumbani kwao bila maumivu makali. Mwaka 1998 yakafunguliwa matawi Mbarara na Hoima. Wao wanatengeneza mofini ya maji: unga unachanganywa na maji, unatiwa rangi, unawekwa katika chupa ya plastiki, mgonjwa anakunywa kwa kipimo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria, ikawa nchi ya kwanza kuruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii waandike mofini wenyewe, kwa kuwa vijijini daktari hayupo. Na mgonjwa hatozwi fedha ya dawa hiyo.

Watu wakisikia mofini wanaogopa. Wengine wanasema ni dawa ya kumwua mtu polepole, wengine kwamba atakuwa mlevi. Inapotolewa na aliyesomea, kwa kipimo kidogo, inapunguza maumivu, na kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo inatuliza pia ile njaa ya hewa inayowatisha usiku. Inafunga tumbo, kwa hiyo mgonjwa hupewa na dawa ya kulainisha choo. Muuguzi aambiwe kama figo zina tatizo. Asipewe mtu mwingine, na isinunuliwe sokoni kamwe.

Basi tufanyeje? Mgonjwa wenu akilazwa mara ya pili au ya tatu kwa miezi michache, mwulizeni daktari kabla hajaruhusiwa kutoka: "Akirudi katika hali hii, bado kuna cha kumsaidia hapa ambacho hatuwezi kumpatia nyumbani? Je, kuna muuguzi wa huduma ya kupunguza maumivu?" Ulizeni pia kama kuna upasuaji unaoweza kumfaa, maana kwa vijana wenye vilango vilivyoharibika Uganda Heart Institute ya Mulago hufanya kazi hiyo. Ulizeni mkiwa wawili, na mmoja aandike. Tunaogopa kuuliza kwa kuwa sisi ni wakimbizi, tunadhani tutaonekana wakaidi. Nimeuliza mara kadhaa sasa, na mara moja tu nilijibiwa vibaya.

Yule mama wa pili

Ndiye yule ambaye kwenye matanga yake watu walisema tumemwacha. Hatukumwacha. Alikuwa amelazwa mara tano. Daktari alieleza kwamba moyo umefika mwisho na kwamba watamwongezea dawa akae nyumbani. Mama alisema mbele ya watoto wake wanne na mbele yangu kwamba anataka afie kwenye mkeka wake, asikie watoto wa jirani wakicheza. Mmoja wa vijana wake alikataa, akaondoka kwa hasira. Muuguzi alileta dawa na akafundisha binti yake mkubwa kupima. Mhudumu wa afya wa kijiji alipita kila siku mbili.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Usiku mmoja pumzi ilimshinda hata binti akapiga kelele, na sote tulitaka kukimbia barabarani. Tulimwinua aketi, tukafungua mlango na kutoa turubai la dirishani, mtu akampepea usoni kwa kifuniko cha ndoo, akapewa kipimo alichoandikiwa na muuguzi. Ikachukua karibu saa nzima kutulia. Aliishi siku tisa baada ya usiku ule. Katika siku hizo aliwaambia wanawe ni nani anadaiwa mbegu na ni nani anatudai sisi, akampa mkwewe vitenge viwili, akaomba nimwite yule kijana. Kijana alikuja siku ya nane. Bado anasema tungempeleka. Anakuja kanisani, ananisalimu kwa kichwa tu, na mimi sina uhakika kwamba namwelewa vibaya; mtu akipenda mama yake, angependa ajaribu mara ya sita.

Wakati wa kutunza nyumbani

Haya nimefundishwa na muuguzi, na nimeyaona. Mgonjwa aketi au aegemezwe kwa magunia na nguo zilizokunjwa. Msimlaze chali kwa sababu wageni wanakuja. Hewa ipite. Wageni ishirini wakijaza chumba, wote wanavuta hewa ile ile, kwa hiyo waingie wawili wawili. Mkesha wa ngoma na spika upelekwe kanisani. Kitandani nyimbo ziwe chini, kama anazitaka. Wapo waliotamani kulala nasi tukawaimbia mpaka alfajiri.

Mgeuzeni kila saa chache asipate vidonda. Miguu iliyovimba ioshwe taratibu na kupakwa mafuta, ngozi hiyo inapasuka kwa urahisi. Siku za mwisho hataki kula. Hapo ndipo akina mama wanaumia zaidi, wanashika kijiko cha uji na kusema, "Kwa ajili yangu." Mwili unaoaga hauhitaji tena chakula, na uji wa kulazimishwa unaingia mapafuni. Loweka kitambaa safi, umlainishe midomo. Atalala zaidi kuliko kuamka. Mikono na miguu itakuwa baridi, pumzi itakuja na kusimama na kuja tena, koo linaweza kukoroma. Sauti hiyo inatutisha sisi, lakini yeye mara nyingi haimsumbui. Endeleeni kumsemesha kwa majina yenu, maana anaweza kuwa bado anasikia.

Kama mmeamua abaki nyumbani, mwenyekiti wa kijiji ajue mapema, na namba ya muuguzi iwe kwenye simu zaidi ya moja. Akifariki, taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti na kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, na mwombe karatasi. Najua familia fulani huficha kifo ili jina libaki kwenye kadi ya chakula. Naelewa njaa, hasa tangu mgao ulipopunguzwa. Lakini mjane asiye na karatasi ya kifo cha mumewe husumbuka baadaye juu ya watoto na juu ya faili lake.

Na kama mgonjwa anataka hospitali mpaka dakika ya mwisho, apelekwe, asionekane hana imani. Wako wanaojisikia salama wakimwona daktari. Wako ambao nyumba yao ni ya chumba kimoja na watoto sita, na hawataki watoto waone. Wako walio peke yao hapa, hawana wa kuwageuza usiku. Hao kanisa ndilo ndugu yao, na tukishindwa kukaa nao tusiseme walichagua hospitali.

Kwa seli za Jumatano

Viongozi wa seli, msisome somo lote kwa sauti, litachosha. Chukueni Mwanzo 48:1-2 na 2 Wafalme 20:1, kisha muulizane. Katika nyumba zetu ni nani anaruhusiwa kumwambia mzee ukweli wa ugonjwa wake, na kwa nini ni huyo? Yakobo alimwapisha Yusufu peke yake. Je, wale ndugu kumi na mmoja wangelalamika? Mgonjwa akisema jambo moja na mtoto aliye Marekani akasema jingine, neno la nani lisimame? Ikiwa katika seli kuna mgonjwa, msimfanye mfano mbele ya watu. Mwendeeni nyumbani kwake.

Akina mama wa huruma wana orodha ya watu wa kulala zamu kwa mgonjwa, usiku mmoja kwa juma. Mpaka jana ilikuwa na majina kumi na moja, wanaume wawili, mmoja wao ni mimi. Wanahitaji pia magunia safi, mito ya zamani na ndoo zenye kifuniko. Vinapokelewa kwa mama mjane niliyemtaja, ambaye sasa ndiye mtunza stoo wa kikundi hicho.